Je, Akiba Haiozi? Askari wa Akiba na Maradhi ya Akili

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa mtu badhirifu, yule alaye leo na kuisahau kesho, ili akumbushwe kuwa kilichowekwa kando kitamfaa siku ya dhiki. Ni methali ya mkulima na ya mama mwenye nyumba. Hata hivyo, Kiswahili cha leo kimelitwaa neno hilo hilo "akiba" na kulivisha magwanda: pana jeshi la akiba, pana askari wa akiba. Swali linalozuka ni iwapo binadamu aliyewekwa akiba huhifadhika jinsi mahindi yahifadhikavyo ghalani. Na mkulima yeyote wa Trans Nzoia atasema kwamba hata mahindi hayahifadhiki yenyewe; yasipoanikwa, yasipotiwa dawa na kukaguliwa mara kwa mara, fukusi huyamaliza kwa ndani huku gunia likiwa bado limesimama wima.

Askari wa akiba ni mtu wa maisha mawili. Kwa siku nyingi za mwaka yeye ni raia kama raia wengine: fundi wa mabomba, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, dereva wa lori. Nchini Marekani, desturi iliyozoeleka ni kwamba mwanajeshi wa Walinzi wa Taifa huenda mazoezini wikendi moja kwa mwezi na takriban majuma mawili kwa mwaka. Nchini Uingereza jeshi la namna hii liliundwa mwaka 1908, likajulikana kwa miaka mingi kama Jeshi la Maeneo, na mwaka 2014 likapewa jina la Jeshi la Akiba. Wakati wa amani watu walilichukulia kama chama cha wapenda mazoezi, mahali pa kukutana na marafiki na kujipatia pesa kidogo za ziada. Mambo yaligeuka mwaka 2003. Vita vya Iraq vilipoanza, Uingereza iliwaita kwa lazima maelfu ya askari wake wa akiba, wito ambao haukuwa umeshuhudiwa kwa kiwango kile tangu mgogoro wa Suez wa mwaka 1956. Fundi aliyekuwa akiziba bomba la jirani mwezi wa Januari akajikuta Basra kabla mwaka haujafika nusu.

Watafiti wa Chuo cha King's, jijini London, waliamua kuwafuatilia waliokwenda na wasiokwenda. Matokeo yao ya kwanza makubwa yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la utabibu la The Lancet. Waliwalinganisha wanajeshi 4,722 waliopelekwa katika vita hivyo na 5,550 ambao hawakupelekwa. Yamkini wengi walitarajia kusoma habari za jeshi zima lililovurugika akili. Haikuwa hivyo. Kwa mwanajeshi wa kudumu, tofauti baina ya aliyekwenda na aliyebaki ilikuwa ndogo mno, nayo ilijitokeza tu katika malalamiko mbalimbali ya mwili. Kwa askari wa akiba picha ilikuwa nyingine kabisa. Waliokwenda Iraq walionyesha uwiano wa maradhi ya akili yaliyo ya kawaida, yaani sonona na wasiwasi uliokithiri, unaokaribia mara mbili na nusu ya ule wa askari wa akiba wenzao waliobaki nyumbani. Uchovu usiokwisha nao uliwaandama zaidi. Vita vilikuwa vile vile, na jua lile lile, na barabara zile zile zenye mabomu ya kutegwa. Kilichotofautiana ni mtu, au pengine, kama itakavyoonekana hapa chini, kilichotofautiana ni mahali alikorudi mtu.

Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2010 na kuwahusisha wanajeshi 9,990, uliongeza Afghanistan katika hesabu. Ulibaini kuwa asilimia 4.0 ya wanajeshi wote walielekea kuwa na maradhi ya kiwewe, asilimia 19.7 walikuwa na dalili za sonona na wasiwasi, na asilimia 13.0 walikunywa pombe kwa kiasi cha kuwadhuru. Kwa mara nyingine, askari wa akiba waliokwenda vitani ndio waliojitenga na wenzao waliobaki, safari hii kwa upande wa kiwewe, uwiano wao ukikaribia mara tatu. Hapa inafaa msomaji atulie kidogo. Takwimu hizi hazisemi kwamba kila askari wa akiba ni mgonjwa. Walio wengi walirudi wakiwa wazima na wakaendelea na kazi zao. Wala hazisemi kwamba kiwewe ndicho kinachoongoza. Magazeti hupenda kiwewe kwa sababu kiwewe kina sinema ndani yake: mtu anaamka akipiga mayowe, anajificha chini ya meza akisikia fataki. Sonona haina sinema. Mtu anakaa tu. Na pombe, ambayo idadi ya watumwa wake ilizidi ya wenye kiwewe zaidi ya mara tatu, haionekani kuwa habari hata kidogo, labda kwa kuwa mwandishi na mhariri wake nao huionja.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote, kwa maoni ya makala haya, ulitoka Marekani mwaka 2007. Wakati huo kila mwanajeshi wa nchi hiyo aliyerudi kutoka Iraq alitakiwa kujaza hojaji ya afya mara mbili: mara ya kwanza alipofika tu, na mara ya pili miezi kadhaa baadaye, aghalabu miezi sita hivi. Watafiti watatu wa jeshi walizipitia hojaji za wanajeshi 88,235 waliokwisha kuzijaza zote mbili. Walipofika, wanajeshi wa kudumu walioonyesha dalili za kiwewe walikuwa asilimia 11.8, na wale wa akiba asilimia 12.7. Ni tofauti isiyostahili hata kujadiliwa. Kwa sonona, askari wa akiba walikuwa afadhali kidogo: asilimia 3.8 dhidi ya 4.7. Yaani siku waliposhuka ndegeni, ungewapanga foleni moja usiweze kuwatenganisha.

Miezi sita baadaye dalili za kiwewe zilikuwa zimepanda kwa makundi yote mawili. Hata hivyo, ilhali wanajeshi wa kudumu walifika asilimia 16.7, wenzao wa akiba walifika asilimia 24.5. Sonona kwa wa kudumu ilikuwa imefika asilimia 10.3, kwa wa akiba 13.0, wao waliokuwa nyuma. Lakini tarakimu inayochoma zaidi ni ile ya ugomvi na watu wa karibu. Wanajeshi wa akiba waliosema kuwa wanakorofishana na wake, waume, jamaa au marafiki walikuwa asilimia 4.2 walipofika. Baada ya miezi sita walikuwa asilimia 21.1. Katika jumla ya yote, matabibu waliona kwamba asilimia 20.3 ya wanajeshi wa kudumu na asilimia 42.4 ya wale wa akiba walihitaji huduma ya afya ya akili.

Ni nini basi kilichotokea katika miezi hiyo sita? Hapakupigwa risasi yoyote. Hapakuwa na adui. Kilichokuwapo ni nyumbani.

Mwanajeshi wa kudumu hurudi kambini. Anaamka asubuhi na kukutana na watu wale wale aliokuwa nao handakini. Wakicheka, wanachekea jambo moja, na wakinyamaza, kila mmoja anajua ukimya huo unahusu nini. Mkewe anaishi jirani na wake wengine waliokuwa wakingojea simu zile zile. Daktari wake ni daktari wa jeshi. Askari wa akiba hurudi katika mtaa ambao hakuna mwingine aliyekwenda. Majuma machache baada ya kuondoka Basra anatakiwa awe tayari amesimama mbele ya darasa akifundisha migawanyo, au amelala chini ya sinki la mtu akisikiliza malalamiko kuhusu maji ya moto. Wenzake kazini humwuliza kama aliua mtu, kisha humwuliza kama aliona mchezo wa jana. Mkewe amejifunza kuendesha nyumba peke yake, na amejifunza vizuri, hata mume anajiona mgeni anayeuliza sukari iko wapi. Daktari wa mtaa humwona kama mgonjwa yeyote wa mgongo na usingizi, na haimjii kumwuliza alikuwa wapi mwaka jana. Isitoshe, askari wengi wa akiba wa Uingereza hawakwenda vitani na kikosi chao wenyewe. Walichomolewa mmoja mmoja wakapachikwa katika vikosi vya wageni, hivyo basi hata kule vitani walikuwa wapweke, na waliporudi kila mmoja alishika njia yake.

Watafiti wa London walilichunguza jambo hili mwaka 2007 na wakaona kwamba hali ya askari wa akiba ilihusiana na mambo waliyoyaona vitani, na jinsi walivyokubaliwa katika vikosi vyao, na hasa matatizo ya nyumbani. Utafiti wao wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba askari wa akiba waliorudi walielekea zaidi kujihisi wametelekezwa na jeshi, na kupata taabu ya kuchangamana na watu. Kwa ufupi, vita viliwajeruhi wote, ila wengine walipata mahali pa kuuguzia jeraha na wengine hawakupata.

Zipo pingamizi, na ni haki zitajwe. Kuna wanaosema kwamba askari wa akiba haugui zaidi, anasema zaidi tu. Hoja hii ina uzito. Nchini Marekani, huduma ya matibabu ya kijeshi kwa askari wa akiba humkoma baada ya muda, na mtu anayejua kuwa mlango unakaribia kufungwa ana sababu ya kueleza kila linalomuuma kabla haujafungwa. Mwanajeshi wa kudumu naye ana sababu ya kunyamaza, kwani anayeisoma hojaji yake leo huenda kesho akaketi katika kamati ya kumpandisha cheo. Lakini hoja hii, hata ikikubaliwa, haimwondoi askari wa akiba katika hatari. Inamwongezea tu mwenzake. Pingamizi ya pili ni ile ya mabaraza ya wazee wa jeshi: kwamba askari wa wikendi ni dhaifu, hakufunzwa vya kutosha, na mwenye nyonga dhaifu asibebe mzigo. Hoja hii inavunjwa na zile hojaji 88,235. Lau udhaifu ungekuwa ndani ya mtu, ungeonekana siku aliposhuka ndegeni.

Uingereza, kwa sifa yake, haikuziba masikio. Mnamo Novemba 2006 ilianzisha mpango maalumu wa afya ya akili kwa askari wa akiba waliokuwa wamepelekwa vitani tangu mwaka 2003, makao yake yakiwa Chilwell, karibu na Nottingham. Askari alitakiwa apelekwe huko na daktari wake wa kawaida. Hapo ndipo penye mtego: ili apelekwe ni lazima kwanza aseme, na ili aseme ni lazima awe na neno.

Naam, neno. Pengine kufikia hapa msomaji wa jarida la Kiswahili ameanza kujiuliza ni upepo gani uliozileta habari za Basra na Nottingham katika kurasa hizi. Jibu la kwanza ni kwamba kadhia yenyewe haijapita. Mnamo Septemba 2022 Urusi ilitangaza kuwaita askari wa akiba 300,000 kwa ajili ya vita vya Ukraine, na Oktoba 2023 Israeli nayo iliwaita zaidi ya idadi hiyo. Majeshi ya dunia yanazidi kuegemea raia waliowekwa kando. Jibu la pili liko Nairobi, nalo ni la zamani kuliko haya yote.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwachukua Waafrika kwa mamia ya maelfu wawe wapagazi katika vita dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Hawakuwa askari. Walikuwa wakulima na wafugaji waliotolewa mashambani, wakabebeshwa masanduku ya risasi na unga, na walionusurika na kuhara na malaria wakarudishwa mashambani kwao. Jina la Kiingereza la kikosi chao lilipita kinywani mwa Waswahili likatoka likiwa Kariakor huko Nairobi na Kariakoo huko Dar es Salaam. Leo mtu huenda Kariakor kununua vikapu na kula nyama choma. Lugha imelihifadhi jina la mahali na kuwasahau waliolileta. Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi husimama sanamu ya askari na mpagazi, iliyozinduliwa mwaka 1928, yenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maandishi hayo yanawazungumzia waliokufa na kuwaahidi kukumbukwa na wana wao. Kuhusu waliorudi, na walivyolala usiku baada ya kurudi, lugha zote tatu zimenyamaza.

Ukimya huo ulipata baadaye cheti cha daktari. Kuanzia mwaka 1938 hospitali ya Mathari ilikuwa chini ya J. C. Carothers, aliyeandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na mwaka uliofuata akaiandikia serikali ya kikoloni ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Alishikilia kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Mtu asiyekijua Kikuyu, Kidholuo wala Kikamba kwa kina cha kumsikia mtu akilalamika gizani aliusikia ukimya wa wagonjwa wake, akauandika kuwa ni uzima. Wasomi wengi wamekwisha kumsuta Carothers kwa ubaguzi wake, na wamefanya vyema. Lakini yapo makosa ya Carothers ambayo ni ya kiisimu kabla hayajawa ya kisiasa, na hayo hayajasutwa vya kutosha katika idara za lugha.

Fauka ya hayo, Kenya yenyewe ina askari wake wa akiba, ingawa hawa ni wa polisi, si wa jeshi, na tofauti hiyo isipuuzwe. Katika Turkana, Samburu, Baringo na Marsabit, yuko mfugaji ambaye amekabidhiwa bunduki na serikali ili alinde kijiji na mifugo. Yeye harudi nyumbani kutoka vitani, kwa kuwa vita vyake viko nyumbani. Malisho anayochungia mchana ndiyo uwanja wa mapambano wa usiku. Katika shambulio la bonde la Suguta mwezi wa Novemba 2012, ambamo makumi ya maafisa wa polisi waliuawa, askari wa akiba walikuwa miongoni mwao. Mwaka 2019 serikali iliwapokonya silaha wengi wa askari hao katika baadhi ya kaunti, kisha baadaye ikaanza kuwarudisha kazini. Mjadala wa kitaifa kuhusu hatua hizo ulikuwa mkali, na ulihusu bunduki: ni ngapi, ziko wapi, nani azishike. Mwenye kuzishika hakujadiliwa.

Tuseme kesho daktari mwema atoke Nairobi aende Maralal akiwa na hojaji ile ile iliyotumiwa na watafiti wa London. Ni hojaji ya maswali 12, iliyotungwa na daktari Mwingereza David Goldberg, na imekwisha kutumika katika lugha nyingi duniani. Inamwuliza mtu kuhusu usingizi wake, umakini wake, uwezo wake wa kuamua mambo, na kama anajiona mwenye manufaa. Atayauliza kwa Kiswahili gani? Tatizo si uhaba wa maneno; pengine maneno ni mengi mno. Kuna sonona, ambayo imekubalika zaidi Tanzania na bado humfanya Mkenya wa kawaida akunje uso. Kuna mfadhaiko, kuna unyogovu, na kuna msongo wa mawazo, ambao vyombo vya habari vya Kenya huutumia kwa kila kitu, kuanzia mtu aliyechoka na foleni ya magari hadi mtu aliyejitia kitanzi. Kuna kiwewe, neno zuri la zamani lenye maana ya kubabaika kwa mshtuko, ambalo sasa limepewa kazi ya kubeba maradhi mazima yanayodumu miaka. Ubabaiko wa kiwewe cha kale ulikuwa wa dakika. Kiwewe cha hospitalini ni cha miaka kumi. Anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza katika maana hiyo atajibu kwa ukweli kabisa kwamba hana.

Na juu ya maneno hayo yote limekaa moja linaloyafunika: wazimu. Mwendawazimu, kichaa, mwehu, majinuni, punguani, mtu ambaye nati zimelegea. Kiswahili kina utajiri wa kutisha wa maneno ya kumtaja aliyekwisha kupotea, na umaskini wa maneno ya kumtaja anayeanza kuteleza. Mtu asiyelala juma la tatu, anayemfokea mwanawe bila sababu, anayehisi kwamba afadhali angebaki kule kule, huyo si kichaa na anajua kwamba si kichaa. Akiulizwa kama ni mgonjwa wa akili atakana, na hatakuwa amedanganya. Lakini akiulizwa kama ana mawazo mengi, kama moyo unamwenda mbio, kama kichwa kinajaa, huenda akajibu kwa saa nzima. Hiyo ndiyo lugha ya maradhi haya ilivyo midomoni mwa watu, na haimo katika orodha za istilahi.

Asije mtu akadhani kwamba hili ni tatizo la Kiswahili peke yake. Kiingereza chenyewe kilihangaika. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika katika The Lancet kuhusu wanajeshi waliopatwa na kile kilichokuja kuitwa mshtuko wa mizinga. Mwaka 1917 jeshi la Uingereza likalikataza jina hilo katika taarifa zake, likihofia kwamba jina lenyewe linazaa wagonjwa. Ilikuwa mpaka mwaka 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipoyaingiza maradhi ya baada ya kiwewe katika mwongozo wao rasmi. Miaka 65 ya kutafuta jina. Kiswahili hakina sababu ya kuona haya kwa kuchelewa. Sababu ya kuona haya ipo tu ikiwa wenye lugha wataendelea kudhani kwamba kazi ya istilahi imekwisha pindi neno linapopatikana kamusini. Istilahi ya fizikia yaweza kuundwa mezani, kwani elektroni haitalalamika. Istilahi ya maumivu haiwezi. Neno la maumivu ambalo mwenye kuumwa halitambui ni sawa na dawa iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine.

Fasihi nayo ina deni. Riwaya ya Kiswahili imeingia ndani ya akili iliyovurugika tangu Kezilahabi alipoandika Kichwamaji mwaka 1974, lakini aghalabu akili hiyo ni ya msomi, mtu wa vitabu na maswali ya maisha. Utenzi nao umevijua vita kwa karne nyingi. Shaaban Robert alitunga utenzi mzima kuhusu vita vya 1939 hadi 1945. Ila utenzi, kwa kawaida yake, huisha kwa ushindi au kwa kifo, na zote mbili ni njia za kutorudi nyumbani. Mhusika wa tatu, yule aliyerudi na anayeketi mezani akishindwa kula, hajapata nafasi inayomfaa. Wahakiki waliobobea katika kuuchambua usawiri wa mwanamke, wa kiongozi na wa mwanafunzi wangeweza kujiuliza kwa nini askari katika fasihi ya Kiswahili huwa na bunduki na huwa hana ndoto.

Yamkini mhadhiri mmoja atasema kwamba hii ni kazi ya wanasaikolojia, na kwamba mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili asijitie mahali asipoitwa. Wasiwasi huo ni wa haki kwa kiasi fulani. Kumwuliza mtu kuhusu usiku wake ni kulifungua jeraha, na asiyejua kulifunga asilifungue; atakayekwenda ni sharti aandamane na mshauri wa kitaaluma wa afya ya akili. Lakini wanasaikolojia, kwa upande wao, husubiri hojaji iliyotafsiriwa, na aghalabu wanaoitafsiri ni watu waliokodishwa kwa siku mbili, wasiowahi kuuliza neno lolote kati ya hayo linasikikaje masikioni mwa mfugaji ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu. Idara za Kiswahili nchini Kenya hutoa tasnifu kila mwaka kuhusu ubadilishaji msimbo katika matangazo ya biashara, na nyingine tena kuhusu ubadilishaji msimbo katika matangazo ya biashara ya kituo jirani. Mada moja ikipungua hapo hakuna atakayeona pengo.

Kazi yenyewe haihitaji maabara wala ruzuku kubwa. Inahitaji idhini, mkalimani mwaminifu wa Kisamburu au Kitugen, daftari, nauli ya kufika Maralal au Marigat, na subira ya kukaa kivulini bila kumtilia mtu neno kinywani, hadi yule aliyerudisha bunduki, au aliyepewa tena, aseme mwenyewe anakiitaje kile kinachomwamsha saa tisa za usiku.